Skrini Haisongi Bila Wewe

Pacha wangu Apiyo,

Wengine wanasema walikuona Nakuru, wengine Nairobi. Anwani yako hakuna aliye nayo. Basi naandika hapa, mbele ya macho ya kila mtu, nikitumaini kwamba kati ya macho hayo yamo yako.

Siku hizi nakumbuka sana kile chumba cha gemu cha Bwana Odera, nyuma ya soko la Kibuye. Nje jua lilichoma mabati, ndani kulikuwa giza na mashine zinawaka na kupiga kelele. Tulikuwa wasichana wawili tu humo, sare za shule tumezificha chini ya sweta. Wavulana walituona kama watu waliopotea njia.

"Kinu cha unga kiko upande ile," mmoja wao alituambia siku ya kwanza.

"Tumekuja kusaga nyinyi," ukamjibu, na hata Bwana Odera akacheka.

Kila mashine ilikuwa na watu wake. Ile ya magari ilikuwa na usukani, na wachezaji wake waliinamisha miili yao kwenye kona kana kwamba kiti kingepinduka. Ile ya ndege za angani haikutaka mawazo, ilitaka macho na vidole tu. Ile ya ngumi, mmoja kwa mmoja, ndiyo iliyokuwa na wafalme. Kulikuwa na yule aliyegonga vitufe vyote kwa pamoja kama anapiga ngoma kanisani, na kulikuwa na yule mrefu aliyemchuchumaza mtu wake pembeni ya skrini, akingoja mwenzake akosee.

"Wee, toka huko! Umejificha kama samaki kamongo kwa matope!" ulimzomea, naye akakushinda vilevile.

Mimi nilipenda ile ya matofali yanayoanguka. Unapanga, unapanga tena, na adui wako ni mrundo wako mwenyewe. Wewe ulisema hiyo si gemu, ni kazi ya nyumbani.

Tulipatana kwenye mashine moja tu: ile ya watu wawili wanaotembea barabarani, wanapigana na majambazi bega kwa bega. Wewe ulichukua kijiti cha kushoto, mimi cha kulia. Ulikimbia mbele, ukaruka katikati ya maadui kabla sijawahesabu. Mimi nilibaki nyuma, nikivunja mapipa kutafuta kuku wa kuchoma wa kurudisha nguvu. Hapo ndipo tulipoijua sheria ya ile mashine. Skrini haikusonga kama mmoja amebaki nyuma. Ulifika ukingoni, mshale ukawaka kuonyesha njia, na mtu wako akatembea pale pale bila kwenda popote.

"Songa, Adongo! Unanishikilia!"

"Nakuja."

"Unakuja tangu tumboni!"

Chumba kizima kilicheka. Ni kweli wewe ulitangulia kuzaliwa, ndiyo maana wewe ni Apiyo na mimi ni Adongo. Nilikasirika, lakini nilisonga, na barabara ikafunguka tena mbele yetu.

Kuna siku moja ambayo siiachi. Tulifika mahali ambapo hatukuwahi kufika. Safari hiyo ni wewe uliyenaswa nyuma, umezingirwa, nguvu zako zimebaki kamstari kembamba. Mimi nilikuwa mbele, ukingoni, nikipiga hewa. Kulikuwa na kuku mmoja karibu nawe. Hukumgusa. Ulinitazama, ukaondoa mikono yote miwili kwenye mashine.

"Wacha nife," ulisema. "Utapata njia."

Walikuangusha. Juu ya mahali ulipolala zikatokea namba kubwa, zinashuka polepole. Unakumbuka hizo namba? Ilikuwa huruma ya pekee ya ile mashine: kabla hazijafika sifuri, sarafu moja ingekuinua pale pale, umesimama, unametameta kando yangu. Hatukuwa na sarafu nyingine. Namba zikafika mwisho, skrini ikaniachilia, nami nikaimaliza ile barabara peke yangu. Wavulana walinipiga mgongoni kwa furaha. Nawe ulipiga makofi kuliko wote.

Njiani kurudi nyumbani uliniuliza, "Ukibaki peke yako, ile skrini inakuwa kubwa sana, ama?"

Nilikujibu ni sawa tu. Ilikuwa kubwa sana, Apiyo.

Sasa nikueleze kwa nini nakumbuka haya. Kuna mtu anayeitwa Ochieng', fundi wa mashua huko Dunga. Tulijuana nikiwa bado chuoni Maseno. Ni mtu wa maneno machache, na nampenda. Watu wake wamefika nyumbani kwetu kijijini Nyakach kwa heshima kuniposa, wakakaribishwa, wakala. Kisha shangazi akauliza lile swali ambalo wote walikuwa wanalizunguka: Apiyo yuko wapi? Anasema mapacha waliingia duniani pamoja na hutoka nyumbani kwa baba yao pamoja, na kama si pamoja, basi wa kwanza atangulie. Nikikuruka, anasema, nitajiletea mabaya, na nitakuletea na wewe.

Kumbe ni ile ile. Nimefika ukingoni, natembea pale pale.

Hukuondoka bila sababu. Baba alipotaka kukupa kwa yule mzee wa Pap Onditi aliyefiwa na mkewe, ulisimama mbele ya wageni ukasema, "Mimi si mbuzi wa soko," ukachukua begi lako. Sikukulaumu wakati ule, wala sikulaumu leo. Baba amezeeka. Bado hataki jina lako litajwe, lakini mbwa akibweka usiku hutoka kuangalia njia.

Wiki iliyopita baba mdogo alileta suluhisho. Alisema, "Apiyo tumhesabu kama mtu ambaye hayuko tena. Mlango uwe wazi kwa huyu." Niliona nyuso zikilegea. Hata shangazi alipumua.

Nikasema hapana.

"Yawa!" shangazi akalia. "Msichana gani anafunguliwa mlango na anaufunga?"

Sikuweza kuwaeleza. Ningeanzia wapi? Mara moja tayari nimepita kwa sababu wewe ulikubali kuhesabiwa umekufa, na najua upande wa pili ulivyo mpana na mtupu. Sitapita hivyo tena. Ochieng' amesema atangoja. Mama yake anasema hatangoja sana.

Sikuombi uje na mume. Sikuombi hata umsamehe baba. Tuma neno kwa yeyote, kwa njia yoyote, neno lile moja ulilozoea kunipigia kelele mbele ya wavulana wote nilipobaki nyuma. Wazee wakilisikia kutoka kwako watajua uko hai, na kwamba umenipisha kwa hiari yako. Wakikataa, nitaenda kwa neno hilo hilo.

Nyumbani wamekwisha kuhesabu hadi sifuri. Mimi bado nahesabu, polepole, kama ile mashine. Siku ile hatukuwa na sarafu nyingine. Leo ninayo barua hii, nami naitumbukiza.

Niko ukingoni, nakuangalia,
Pacha wako wa kijiti cha kulia,
Adongo