Kopo la Mpunga wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua kimepona, na moshi wa tanuri la mikate haukusumbui tena. Sisi huku wazima wa mwili. Mama miguu inamvimba, ila mdomo wake mzima kabisa. Jana alinigombeza kwa kuchuja chai vibaya.

Umeuliza habari za shamba. Mvua ilichelewa wiki sita, miche ikazeeka kitaluni huku tunaitazama. Tulipopandikiza, tukaweka mbolea ya kukuzia siku ileile bwana shamba aliyotupangia. Kesho yake ikanyesha mvua ya hasira, ikavunja matuta na kuzoa mbolea yote mpaka mtoni. Baada ya hapo, hata tone. Mpunga ukachanua kwenye joto lililomfanya hata mbwa wetu akalale ndani ya mfereji mkavu. Masuke yalisimama wima nami nikafurahi kama mjinga, wakati najua suke lililojaa huinama. Tulipopepeta, karibu yote yalipeperuka. Mapepe matupu.

Bwana shamba alikuja, akasema mbegu hii mpya haina kosa, inataka tu maji kwa wakati na mbolea kwa wakati. Mama akamjibu kwamba hata yeye angekuwa bado msichana kama angepata kila kitu kwa wakati. Tulicheka sote.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwisho wa mwezi unaacha kazi ya mikate, unarudi kulima ule mpunga mrefu wa baba, unaovumilia ukame na usiodai mbolea. Unasema umewatumia majirani ujumbe wasubiri, utawagawia mbegu. Ndiyo maana nakuandikia mbiombio.

Kaka, ulipoondoka tulikubaliana kila msimu niupande mpunga huo kwenye jaruba moja la shamba, mbegu isizeeke. Nilifanya hivyo mwaka mmoja tu. Enzi zile mpunga mpya ulikuwa unajaza magunia, nikaona jaruba la baba linanipotezea nafasi. Mbegu nikaiacha kwenye kopo juu ya kabati miaka sita, na kila barua nikakuandikia kwamba imestawi. Nilikudanganya. Barua yako ilipofika tu, nilihesabu punje mia, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ya kumi nikafungua. Hakuna hata moja iliyoota. Nimezunguka bonde zima kuuliza, na kila mtu ananiambia alidhani mbegu ile ipo kwetu.

Kama hujaacha kazi, nakuomba usiache. Kama umeshaacha, sijui nikuambie nini. Naona aibu hata kukuomba msamaha.

Majirani nitawaambia mwenyewe, hilo usinibebee. Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama naye anakusalimu, na ana furaha. Punje zilizobaki kwenye kopo nilizitwanga, nikampikia. Alipoonja tu alifumba macho, akasema huu ndio wenyewe, mpunga wa mume wake. Akaniuliza tutavuna tena lini.

Nikamwambia mwakani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenipachika jina la Bibi Shamba.