Bi Mwanakombo Haingii Kabatini

Mdogo wangu Hamisi,

Jumatatu walikuja wawili kutoka kituo chenu cha runinga. Wanamtaka Bi Mwanakombo. Wamemtengenezea kabati la kioo pale mapokezi, na taa ndogo juu yake, ili wageni wapige naye picha. Nikawapa chai, nikawaambia hapana. Wakamaliza chai, nikawaambia hapana tena.

Kwa wasiomjua: Bi Mwanakombo ni kikaragosi. Kichwa chake kifuu cha nazi, nywele katani, nguo yake ni kanga ya marehemu mama. Wewe ulikuwa ukilala chali chini ya meza, mkono juu ndani yake, ukimtazama kwenye runinga ndogo iliyowekwa ubavuni. Vichekesho vyake uliviandika hapa kwangu Raskazone, kwenye meza yangu ya kusahihishia madaftari, na sauti uliichukua kwa bibi yetu wa Kigombe. Nchi nzima ilimjua yeye. Wewe ulipita sokoni bila kutazamwa, na ulifurahi hivyo.

Sheria yako ilikuwa moja: anayeingia mbele ya kamera humwamkia kwanza, maana yeye ni mzee. Nakumbuka yule diwani mwenye mvi aliyeketi bila kumwamkia. Bi Mwanakombo akampa kisogo.

"We mwana, kwenu hukufunzwa?"

"Nikiamkie kitambaa?"

"Kitambaa ni hiyo suti yako. Mie nna miaka themanini!"

Diwani akacheka mpaka akafuta macho. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, kaa vizuri tukusute."

Wakubwa wa kituo hawakucheka. Wakakuamuru uiondoe salamu ile, eti inawashusha watu heshima. Ukakataa, wakakutoa hewani. Ukaenda kuchekesha watoto wa shule huko Mwera, umelala chini ya dawati la mwalimu. Hata mimi nilikushauri ukubali: "Hamisi, ni shikamoo tu." Ulimtoa Bi Mwanakombo mkobani, akanitazama, akangoja. Mimi, mwalimu, niliyekubeba mgongoni, niuamkie mkono wako? Nikatoka chumbani. Miezi mitatu baadaye walikurudisha, na salamu yako ikarudi nawe. Mimi sikuwahi kukuomba radhi, mpaka tukakuzika.

Sasa wanataka kumweka mahali ambapo hakuna atakayemwamkia. Watamwegemea, watatabasamu, wataondoka. Sitaki. Aliyezoea kuitikia hawekwi kuwa pambo, wala hukugombana nao ili aishie hivyo.

Nimeishona upya katani iliyokatika. Magoti yangu hayakubali kulala sakafuni, kwa hiyo nitaketi kigodani nyuma ya pazia. Jumamosi tunaanza maonyesho kwenye shule niliyofundisha. Mwalimu mkuu ameshaonywa: ataamkia.

Jana nilimketisha kitini, bila mkono ndani. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

Kisha nikamvaa mkononi, nikakohoa kidogo, nikaitafuta sauti ya bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Pumzika, Hamisi. Mkono upo.

Dada yako