Baba, Ile Nusu Gari Ilikuwa Yangu

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana huko uliko huitikii mtu, na hata ulipokuwa nasi hapa Mkunya uliitikia kwanza gari, watu baadaye.

Barua hii naiandika wazi. Asomaye na asome, wa Newala na wa Masasi, na hasa wale wa Chiungutwa nyumbani kwa shangazi. Sina cha kuficha, kwa sababu ninachotaka kusema kijiji kizima wanakijua. Nina wivu, Baba. Nina miaka arobaini na mitano, nina mke, nina Zuhura na wadogo zake, nafundisha darasa la sita. Nawaambia watoto wa watu kwamba kijicho ni ugonjwa wa roho, halafu natoka darasani na cha kwangu kinanifuata mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyopita Somoe, mtoto wa dada yako, alikuja kulichukua gari. Nitafika huko. Kwanza nataka nikukumbushe mambo ambayo uliyasahau, au ulijifanya umeyasahau.

Unakumbuka siku lilipoletwa? Yule mwalimu Mwingereza alikuwa amesharudi kwao miaka mingi, gari lake la michezo kaliacha kwenye banda nyuma ya nyumba aliyopanga pale Masasi. Mwenye nyumba alilichoka, akakwambia ukiweza kuliondoa ni lako. Ukaenda na trekta ukalivuta mpaka huku juu, na watu wakatoka majumbani kuangalia. Viti viwili tu. Milango mifupi kama ya kabati la vyombo. Paa hakuna, magurudumu yana spoki kama baiskeli. Bi Zainabu jirani akalizunguka mara mbili, akauliza, "Na ile nusu nyingine inakuja lini?" Ndipo likaitwa Nusu Gari, na wewe ukawa Mzee Nusu mpaka tunakuzika.

Mama hakucheka. Nyumba ya watu wanane, kaletewa gari la watu wawili. Alisema tu, "Haya, Baba Hamisi. Sasa tutamjua huyo wa pili ni nani." Mimi nilikuwa na jibu, sikuona hata haja ya kulisema. Nilikuwa mwanao wa kwanza, nimeanza kazi ya ualimu mwaka uleule, na mshahara wa kwanza nilikununulia kanzu.

Wewe ulikuwa seremala, useremala ulijifunza ukiwa kijana kwenye karakana ya misheni kule Ndanda, na gari lile ulilipenda kwa sababu moja. Chini ya bati lake ni mbao. Waingereza walitengeneza kiunzi cha mbao, wakakivika bati, wakapaka rangi ya kijani. Na mchwa wa Masasi walikuwa wamekikuta. Ukigonga mlango, unga unamwagika. Mwingine angelia. Wewe ulicheka ukasema, "Hii si kazi ya makenika, hii ni kazi yangu." Ukatoa kipande kimoja kimoja, hata kilicholiwa nusu ukachora umbo lake kwenye maboksi ya sabuni, ukakichonga upya kwa mninga. Paa ukalishona kwa turubai la kuanikia korosho. Miaka mitatu. Wenzako wanapalilia mikorosho, wewe unachonga mlango wa gari.

Na zile mbao mchwa hawakuzigusa tena. Kwa nini hawakuzigusa, Baba? Kwa sababu zilipakwa mafuta ya maganda ya korosho, na aliyeyachoma hayo maganda, akakamua hayo mafuta, akapaka kiunzi kizima mara tatu, ni mimi. Unajua yanavyobabua. Mikono yangu ilitoka malengelenge mpaka nikawa naandika ubaoni kwa kushika chaki na ncha za vidole, na watoto wananyoosha madaftari kwa mbali. Nilikuonyesha mikono. Uliitazama, ukasema, "Itapona." Ilipona kweli. Makovu ninayo, na sijamwonyesha mtu.

Ndipo akaja Somoe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumfurahisha mtu, shangazi akamleta akae kwetu kidogo mpaka maneno ya Chiungutwa yapoe. Siku ya tatu nimerudi kutoka shuleni nimemkuta amelala chini ya gari, inaonekana miguu tu, na wewe umechuchumaa pembeni. Alikuwa ananyoosha mkono, anasema "namba kumi na tatu, Mjomba," na wewe unampa spana. Ulikuwa unampa yeye, Baba. Mimi kwa miaka miwili ndiye niliyekuwa nakupa wewe.

Gari lile lina kabureta mbili, na zisipovuta hewa sawasawa linakohoa njia nzima. Ulikuwa na kipande cha mpira wa maji. Ncha moja unaweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo wake, unahamia ya pili, unagusa skrubu kidogo, unarudi ya kwanza. Ulinipa huo mpira mara moja tu. Nikasikiliza, nikakaza, injini ikatetemeka ikazima. Ukauchukua mkononi mwangu ukampa Somoe. Alifumba macho. Haikupita muda injini ikatulia, ikawa inazungumza kwa sauti moja, na wewe ukatikisa kichwa kwa furaha ambayo sijawahi kukusababishia. Ukasema, "Huyu ana sikio." Kisha ukanigeukia. "Hamisi, maganda bado yapo?"

Yalikuwepo. Nilikwenda kuyachoma.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilivumilia, mbivu akala mwingine. Siku ya safari ya kwanza ya Masasi nilivaa shati jeupe. Ulipotoka nje ulilitazama lile shati, ukasema injini huenda ikachemka njiani, kwa hiyo itafaa mtu afuate nyuma na maji. Kwa hiyo Somoe akakaa kwenye kiti cha pili, na mimi nikapanda bodaboda nikiwa nimepakata dumu la lita ishirini. Vumbi lenu lote lilikuwa langu. Mbele ya soko la Masasi watu walikusanyika, mzee mmoja akakuuliza, "Na huyu binti ni nani?" Ukajibu, "Mwanangu." Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma yako, na dumu langu, shati limegeuka jekundu.

Hukudanganya, najua. Kwa mila za huku mtoto wa dada ndiye mtoto. Nilikuuliza wazi siku ile tunabangua korosho barazani, tukiwa wawili tu.

"Baba, hili gari baadaye litakuwa la nani?"

"La Somoe."

"Na mimi?"

Hukuinua hata macho. "Wewe una mjomba wako. Wewe ukoo wako ni wa mama yako, mwanangu. Nikikupa wewe, watu wa kwetu wataniuliza dada yangu nimemnyima kwa kosa gani."

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mbuzi wawili na kikohozi. Mbuzi waliliwa kwenye msiba wake.

Tusidanganyane kuhusu urithi. Nyumba na mikorosho tuligawana kisheria baada ya arobaini yako, shehe akasimamia, sina neno. Gari halikuwemo, kwa sababu ulishalitoa kwa mdomo wako ukiwa mzima, mbele ya dada yako, na mtu mzima ana haki ya kutoa chake. Shangazi aliniona nimenuna akanitania, "Si ungemuoa tu huyo binamu yako, gari likabaki kwenu." Nilikuwa na mke tayari. Tena mtu haoi kwa ajili ya kabureta. Lakini nitasema kweli, nililiwaza jambo hilo siku mbili.

Wala sisemi Somoe hafai. Ningekuwa na raha kama angekuwa hafai. Ana gereji yake Masasi, bodaboda zinapanga foleni, vijana wanamwita Fundi na hawamtanii. Alipokuja msibani alilia kwa sauti kuliko mimi, na hata hilo nilimwonea gere.

Baada ya kukuzika alisema gari likae kwetu mpaka apate banda. Likakaa mwaka na miezi. Kila Ijumaa nikitoka msikitini naliwasha, nalipasha moto, naangalia maji, naangalia mafuta, nafuta vumbi kwenye spoki moja moja kwa tambara. Ule mpira wako nilikuta umeuning'iniza msumarini. Nikaanza kujifunza. Miezi ya mwanzo lilikuwa linazima kama lilivyozima siku ile. Nikaacha papara, nikawa nafumba macho na mimi. Mwezi wa saba wa kujaribu likatulia mikononi mwangu, likazungumza kwa sauti moja. Nikageuka. Kulikuwa na kuku na kamba ya nguo. Hakuwepo mtu wa kuniambia nina sikio.

Wiki mbili zilizopita Somoe akapiga simu. "Baba Zuhura, banda limekwisha. Jumamosi nakuja na Mama." Nikamjibu karibuni sana. Nikakata simu, nikakaa chini.

Sasa nasema nilichokifanya, maana nimesema naandika wazi. Ijumaa, saa kumi jioni, nilifungua boneti nikatoa rota. Kwa asiyejua, ni kidude kidogo cha kuenea kiganjani, kinachozunguka ndani ya kifuniko na kugawia plagi moto. Bila hicho injini itazungushwa mpaka betri ife na haitawaka. Nilikitia mfukoni, nikafunga boneti. Sikuwa na mpango mrefu. Nilifikiri litakataa, wataondoka, na mimi nitakuwa nimepata wiki nyingine. Mwalimu mzima.

Walikuja asubuhi, Somoe na shangazi na wazee wawili wa ukoo wenu, na majirani wakajaa. Somoe akaingia, akazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini kimya. Akajaribu tena. Kimya. Nilikuwa nimesimama na uso wa msiba, nikasema, "Huenda halitaki kuondoka." Bi Zainabu akaniunga mkono, akasema limeshazoea hapa. Mzee mmoja akaanza kusema basi wangelivuta siku nyingine. Moyo ulinidunda kwa furaha, Baba, sitakuficha.

Somoe akashuka. Akafungua boneti, akabandua kile kifuniko, akatazama ndani. Kisha akanitazama mimi. Alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akainama, akakipachika, akarudi kwenye usukani. Liliwaka mara moja.

Watu wakapiga vigelegele. Nilimsogelea wakati wanamfunga shangazi mtandio usije ukapeperushwa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeipata wapi?"

Alikuwa anaangalia mbele, mkono kwenye gia. "Mjomba alinipa, nilipokwenda kumwona Ndanda, alipolazwa. Alisema, 'Siku ya kulichukua halitawaka. Kaka yako atakuwa ameitoa rota. Weka hii, na usimuulize mbele za watu.'"

Na kweli hakuniuliza. Alinishukuru kwa kulitunza, akasema kabureta ziko sawa kabisa, akaondoka na mama yake kiti cha pili. Nilibaki uani na majirani wananipa pole.

Ndanda mimi ndiye niliyekuwa nakuogesha, Baba. Mimi ndiye niliyekuwa nakunywesha uji, nakugeuza, nakukatia kucha. Na wewe ukiwa umelala pale, unanitazama nakukunjia shuka, ulikuwa unawaza kidude nitakachokuibia mwaka na miezi baada ya kufa kwako, na jinsi ya kunifichia aibu yangu.

Miaka yote hii nilikuwa na kitu kimoja cha kujiliwaza. Nilikuwa najiambia, Baba hanijui. Ni mtu wa mbao na vyuma, hajapata nafasi ya kunitazama, angenitazama siku moja tu angenipa. Mtu asiyekujua akikunyima unaweza kumsamehe. Wivu wangu uliishi hapo, na nilishauzoea.

Pumzika. Dua ya Ijumaa utaipata kama kawaida, hilo haliguswi na ugomvi wetu. Lakini kile nilichokuwa najiliwazia, huna budi kujua umekimaliza. Ulinijua, Baba. Ulinijua mpaka siku, mpaka mfuko, na bado ukampa Somoe.

Mwanao wa kwanza,
Hamisi