Mgeni Tuliyemficha Matofali

Jumapili, katikati ya Oktoba. Joto kali tangu asubuhi. Maua ya mijakaranda yametapakaa barabarani yakikanyagwa na magari, na upande wa kusini mawingu yamekusanyika bila kunyesha. Miaka mingine huwa nafurahi kuyaona. Leo nimeyatazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

Nina hasira, na hasira isiyoandikwa huharibu usingizi wa mtu mzima. Kwa hiyo naandika.

Kwa asiyetujua: sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Katuba, Lubumbashi. Tunawafundisha wanawake wazima kusoma na kuandika, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, wanapotoka sokoni. Nilikuwa mkuu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, ndiyo sababu kila mtu hapa mtaani ananiita Mama Directrice, hata wanaonizidi umri. Tunasomea katika nyumba ambayo haikumalizika. Mwenyewe alifariki kuta zikiwa zimesimama, na familia yake ikaturuhusu kuitumia. Mabati yamefunika pembe moja tu. Kwingine kote paa letu ni mbingu. Tunakaa juu ya matofali. Ubao wetu ni kipande cha mbao nyembamba tulichokipaka rangi nyeusi, nacho kina ufa katikati, kwa hiyo kila neno refu hukatika vipande viwili.

Wakati wa kiangazi, darasa hilo linatosha. Mvua ikianza, tunafunga. Tunafunga mpaka Aprili, na Aprili tunaanza tena mwanzo, kwa sababu mtu mzima asiyesoma kwa miezi mingi husahau karibu yote.

Bilonda amesahau mara mbili.

Bilonda anauza samaki wanaotoka Kasenga. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono yenye makovu ya magamba. Mwaka huu amefika mbali kuliko wakati wowote: anasoma silabi zenye herufi tatu, polepole, akizifuata kwa kidole. Amekwisha kuniambia, bila kulia na bila kunung'unika, kwamba mvua ikitufunga tena hatarudi. Namwamini. Si mtu wa kutisha watu kwa maneno.

Kwa hiyo paa tunalolitafuta si pambo. Paa hilo ni Bilonda.

Miezi michache iliyopita tulisikia kwamba shirika moja la Kinshasa linatoa ruzuku ndogo kwa vikundi kama chetu, vikundi visivyo na ofisi wala gari. Niliandika maombi ya paa mwenyewe, kwa Kifaransa nilichofundishwa na masista, kisicho na doa. Tulitafuta cheti katika ofisi ya komini, tukaandika kanuni za kikundi, tukafungua akaunti yenye sahihi mbili. Nilieleza kila kitu jinsi kilivyo: kuta, pembe moja ya mabati, matofali, ubao wenye ufa. Tulikubaliwa katika hatua ya kwanza. Hatua ya pili ilikuwa ziara: mtu wao angekuja kutazama kwa macho yake.

Hapo ndipo tulipopotea.

Mwenyekiti wetu ni Mama Ngalula, muuza vitenge, mtoto wa watu waliotoka Kasai. Sauti yake hufika mahali kabla yake. Aliposikia siku ya ziara alisimama mbele ya darasa akashika kiuno.

"Mama Directrice, mugeni atoke Kinshasa na ndege, ashuke Luano, halafu aikale pa tofali? Siye hatuna haya?"

Wote waliitikia kwamba haya wanayo.

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Mama yangu alinilea nikijua kwamba mgeni hakuti uchafu, hakuti chungu kitupu, hakuti mtu amevaa nguo za kazi. Sijawahi kufungua mlango kabla ya kufagia. Nilisema tu kwamba tusizidishe, kisha nikaenda nyumbani kukipiga pasi kitambaa changu cha meza.

Tulizidisha. Binti wa Mama Ngalula anaishi mtaa wa Golf, katika nyumba yenye bustani, naye alituazima makochi yake ya mahameli. Yalikuja juu ya lori, yakiwa yamefunikwa mashuka. Jirani mmoja anayekodisha maturubai ya matanga na harusi alitupatia lile la harusi, jeupe lenye mapazia ya rangi ya dhahabu, nalo likatandazwa juu ya kuta mpaka mtu asiweze kujua kwamba hakuna paa. Shule ya jirani ilituazima ubao mpya. Matofali tuliyapanga nyuma ya choo. Na wanafunzi, badala ya kuleta madaftari yao, walivaa vitenge vya sare na kuwasha moto.

Mgeni alikuwa msichana mpole mwenye miwani, jasho likimtoka. Alikaa katika kochi akazama. Aliimbiwa. Aliletewa bukari, yaani ugali wetu, kuku, mboga, na samaki mkubwa kuliko wote aliokuwa nao Bilonda siku hiyo, ambaye Bilonda alikataa kumuuza tangu asubuhi. Mara mbili aliuliza darasa litaanza lini. Mara mbili Mama Ngalula alimwongezea kuku.

"Kula, mwanangu. Kusoma tunasomaka kila siku."

Alipiga picha nyingi, akatushukuru kwa moyo, akaondoka. Mama Ngalula alicheza dansi barabarani. Mimi mwenyewe, naungama, nilitabasamu. Nilifikiri: ametuona kuwa watu wa heshima.

Jana jibu lilifika kwenye simu yangu. Limeandikwa kwa adabu. Linasema kwamba kikundi chetu kimejipanga vizuri, kina mahali penye starehe na vifaa vinavyotosha, na kwamba hitaji lililoelezwa katika maombi halikuonekana wakati wa ziara. Tuna mpaka Ijumaa kutoa maoni yetu. Baada ya hapo faili itakwenda kwenye kamati ikiwa hivyo ilivyo.

Nililisoma mara kadhaa. Nilitafuta kosa lao, maana nimezoea kutafuta makosa, na sikuliona. Msichana yule aliandika alichokiona. Karatasi yangu ilisema kweli, na sisi tukaisuta karatasi hiyo kwa makochi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akaugua.

Leo baada ya misa tulikutana palepale, kati ya kuta, juu ya matofali yaliyorudishwa. Makochi yalikwisha kurudi Golf. Nilisoma jibu kwa Kifaransa, kisha nikalieleza kwa Kiswahili. Mmoja akaanza kucheka, kicheko kile cha matanga kinachomtoka mtu bila kutaka, na wengine wakamfuata, mpaka nikagonga ubao.

Mama Ngalula hakucheka. Alikuwa na wazo.

"Tumwangie bamama mayi, Mama Directrice. Tuloweshe madaftari, tupige foto, tutume leo leo. Tutasema mvua ilinyesha."

"Haikunyesha."

"Mayi ni mayi! Ya mvua, ya robine, nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Eh!" Aliwageukia wengine. "Mumesikia? Mungu atasamehe, lakini Mama Directrice, hapana!"

Walicheka tena, safari hii wakinicheka mimi, na walikuwa na haki. Lakini sikurudi nyuma. Niliwaambia kwamba tumekwisha kumdanganya msichana yule mara moja, tukidhani tunamheshimu. Tukimdanganya mara ya pili ili kuufunika uongo wa kwanza, hata kama tutapata paa, nitakuwa nikifundisha kusoma chini ya bati la uongo. Sitaweza. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. Ndiyo sauti niliyo nayo.

Bilonda alikuwa amekaa mwisho, daftari limefungwa magotini.

"Mi siwezi kuanza tena ku 'a'," alisema. "Batoto yangu banacheka. Banasema, mama eko anasoma 'a' tangu hatujazaliwa."

Hakumlenga mtu yeyote. Alisema tu, kama mtu anayetaja saa. Na mimi, mwenye majibu ya kila kitu, nilikaa na ukweli wangu mkononi nikiona jinsi ulivyo mwembamba. Kama kumwagia watu maji kungemletea mwanamke huyu paa, je, mimi ni nani kumnyima? Swali hilo bado lipo, ninapoandika.

Lakini nilikuwa na wazo lingine, nami nililitoa.

Nilisema tuwaandikie kila kitu. Makochi ni ya nani, turubai ni la nani, ubao ni wa nani. Tuwaambie kwamba siku ile hapakuwa na darasa kwa sababu wanafunzi walikuwa wakipika. Tuwaambie kwa nini tulifanya hivyo, bila kujidhalilisha na bila kujitetea kupita kiasi. Kisha tuwaombe wamtume mtu tena, yeyote, hata wa hapa hapa Lubumbashi, Jumanne au Alhamisi alasiri. Na asituambie siku.

Kilio kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kicheko kile cha jibu la Kinshasa.

"Akuye bure vile? Bila kusema siku?" Mama Ngalula alishika kichwa. "Atukute tunavala bikwembe ya soko, tunanuka samaki, hata kabukari hakuna pa moto?"

"Ndiyo."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Mama Directrice, wewe njo mwenye kusema vile? Wewe unafagiaka mpaka barabara ya jirani!"

Ni kweli, ninafagia mpaka kwa jirani. Niliwajibu kwamba kila mgeni anayekuja kwetu kula atakula, lakini huyu anakuja kutazama, na tukimlisha tena tutamfumba macho tena. Heshima ya mgeni wa namna hii ni kumwachia aone. Nilisema hivyo kwa uthabiti, na wakati nikisema nilikuwa nikiwaza mgeni akiingia hapa na kunikuta nimekaa juu ya tofali, vumbi la chaki kwenye nywele, na nikaona aibu hadi masikioni.

Tulipiga kura kwa mikono. Wengi walikubali. Mama Ngalula aliinua mkono wake mwisho kabisa, nusu, kama mtu anayejikuna, na akasema kwamba iandikwe wazi kuwa yeye amekubali kwa huzuni. Nimeiandika.

Barua nimeimaliza mchana huu. Ni fupi kuliko maombi yale ya kwanza, na haina sentensi hata moja ya kujivunia. Mama Ngalula alikuja kutia sahihi, akasoma orodha ya vitu vya kuazima kwa sauti, kila kimoja na mwenyewe, na alipofika kwenye makochi ya binti yake alivuta pumzi ndefu. Kisha akasaini. Imekwenda.

Kama wewe unayesoma haya una kikundi chako, cha kuzoa taka, cha kutunza wagonjwa, cha vijana wa mpira, chochote, na unangojea mgeni wa ruzuku, nisikilize mimi niliyekwisha kuumia. Usiazime kiti. Mwonyeshe kazi ikiwa katikati, na mikono ikiwa michafu. Chakula mpelekee siku nyingine, matokeo yakishatoka.

Sijui kama watakuja. Huenda kamati imechoka na vikundi vinavyobadilisha maneno. Huenda barua yangu itasomwa na mtu mwenye haraka, akafunga faili. Huenda mvua itawatangulia. Mawingu yale bado yapo, nayaona kutoka hapa mezani, na yamekuwa mazito zaidi.

Nimepanga hivi. Mvua ikitangulia, tutajibana katika pembe yenye mabati, nusu ya wanafunzi Jumanne na nusu Alhamisi, na Bilonda atakuja siku zote mbili. Hatutafunga mwaka huu, kwa ruzuku au bila ruzuku. Jambo hilo sikulipigisha kura.

Jumanne tunaanza na "mba". Mlango hatuna, kwa hiyo atakayekuja hana haja ya kubisha hodi. Atatafuta tofali, atakaa, na atangoja Bilonda amalize mstari wake.