Kiyoyozi cha Adeer na Betri Zangu Mbili

Jumanne, Eldas. Joto la kupasua kichwa, upepo wa vumbi, na mimi nimefura tangu adhuhuri.

Nilikubali safari hii kwa sababu moja tu. Adeer Nur, kaka wa marehemu baba yangu, anajidunga insulini, na dawa hiyo haistahimili joto la huku kwetu. Alipoacha kuendesha malori ya mifugo alinunua basi kuukuu pale Garissa, akang'oa viti, akatia kitanda, meko na friji ndogo. Sasa anawazuru ndugu zake wote hadi Lafey, na basi ndilo nyumba yake. Mimi nikapewa kazi ya umeme: paneli mbili juu ya paa, betri mbili chini ya kitanda.

Friji haizimwi, mchana wala usiku. Kiyoyozi hakiwashwi ila injini ikinguruma. Nilimwambia hivyo Garissa. Nikamwambia tena Griftu. Mwishowe nikabandika utepe mwekundu juu ya swichi.

Ameubandua.

Leo nilikwenda sokoni kutafuta maziwa. Niliporudi, nikiwa bado nje, nikasikia inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri, inalia, halafu ikanyamaza. Kiyoyozi kilikuwa kimefanya kazi muda wote huo, injini imezimwa, na birika la umeme nalo limechomekwa. Friji kimya.

"Adeer, umefanya nini?"

"Dada yangu anakuja. Nataka akute baridi."

Dada yake mkubwa ni Eddo Halima, shangazi yangu. Ndiye aliyetangazia ukoo mzima kwamba Nur amezeeka bila nyumba, analala garini kama utingo. Najua maneno yale yalimchoma. Hata hivyo nilifoka. Nilimwambia anajiua kwa ajili ya sifa.

Kugeuka, Eddo amesimama mlangoni na fimbo yake. Alisikia yote.

Adeer akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo, na aibu ilinishika mimi.

Lakini dawa haingoji aibu. Nilizifunga chupa kwa kitambaa chenye maji, nikakimbia hadi zahanati. Muuguzi, dada mmoja wa kutoka Meru, akazishika, akaniuliza friji ilizima lini.

"Hazijaharibika," akasema. "Ziache kwa friji yetu mpaka betri zenu zijae."

Nikamshukuru, nikamwachia chupa zote.

Nikarudi nikitarajia ugomvi. Nikamkuta Eddo amevua viatu, amejinyoosha kitandani, anakunywa chai. Kumbe maji yalikuwa yamewahi kuchemka. Nilimwomba Adeer msamaha mbele yake.

"Ulisema kweli," akanijibu. "Ila ulinisemesha kama mtoto." Kisha akang'oa fyuzi ya kiyoyozi, akanitilia mkononi.

Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Nur," Eddo akasema, akipapasa godoro, "nyumba yako ni tanuri, lakini kitanda hiki kizuri. Nitakwenda nanyi mpaka Lafey. Friza yangu ya kuuzia barafu itaingia?"

"Itaingia," akajibu Adeer, bila kunitazama.

Ya Allah, mimi na betri zangu mbili, tutawaweza hawa wawili?