Risiva Iliyoanguka na Ndiyo Aliyoitoa Mume Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kituoni, chumba cha maelezo, Jumamosi tarehe 14, alasiri.

Jina: Mama Pacha (ndilo ninaloitwa mtaani, la kitambulisho afande ameliandika pembeni)
Umri: miaka 49
Kazi: kushona mapazia na vitambaa vya makochi
Elimu: darasa la saba
Makazi: nyuma ya kiwanda cha mbao, nyumba yenye geti la bluu
Uhusiano na mtuhumiwa: ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu afande kwamba yuko mwingine, wa juu yake, aliyenionya zamani, kwa hiyo asiwe na wasiwasi.

Mnamo tarehe iliyotajwa, majira ya saa nne asubuhi, nilifika kwenye duka la runinga na redio lililo barabara kuu, chini ya jengo la vioo. Nilikuwa na mume wangu, Baba Pacha, ambaye ni mnoaji wa misumeno kiwandani, na mdogo wake tunayemwita Waya kwa sababu tangu utoto hakuna redio aliyoiona asiifungue. Tulikwenda kuchagua risiva. Risiva ni lile sanduku linalopokea sauti ya runinga na kuzigawia spika, hii ya mbele, hii ya nyuma, hii ya katikati, ili mtu aliyekaa sebuleni kwake ajione yuko sinema. Mwanzoni sikuijua. Sasa naijua kuliko ninavyopenda.

Afande, hiyo risiva imenichosha kabla hata haijanunuliwa. Tangu mume wangu aseme anataka sinema ya nyumbani, kila mwanamume anayepita mlangoni kwangu ana risiva yake kichwani. Jirani anasema spika tano. Fundi bomba, aliyekuja kuziba sinki, aliacha sinki akapima sebule kwa hatua akasema saba. Waya ndiye aliyezidi wote. Alikuwa akinitumia picha za migongo ya risiva, matundu matupu, na ujumbe: "Shemeji, hesabu matundu, matundu ndiyo mpango mzima." Watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenye sebule anataka kusikia nini.

Mimi nilijua. Hapa naomba niseme jambo ambalo nilikatazwa kulisema, na ruhusa ya kulisema nimeipata leo kwenye benchi la hapo nje.

Mume wangu hasikii. Sikio la kushoto limekufa, la kulia lina uhai kidogo. Misumeno imemla taratibu kama mchwa wanavyokula kizingiti, unakuja kushtuka mlango umeinama. Alinikataza nisimwambie mtu, hata ndugu, hata mchungaji. Alisema, "Mtu kiziwi huzungumziwa akiwapo kama vile ni kiti." Kwa hiyo tulitengeneza njia yetu. Mimi husimama kulia kwake siku zote. Akiulizwa jambo asilolisikia, namgusa kiwiko. Nikigusa mara moja, anasema ndiyo. Nikigusa mara mbili, anasema hapana. Nisipokuwapo, anatabasamu tu. Kwenye ibada namgusa ili aseme amina pamoja na wenzake, maana kabla ya hapo alikuwa akiitoa amina yake katikati ya matangazo ya kufagia ua.

Ndugu zake wanaona amekuwa na dharau. Waya mwenyewe ana mwaka na zaidi hajakaa na kaka yake wakaongea vizuri. Alishaniambia, "Kaka siku hizi anajibu anachotaka. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anaendelea na mambo yake." Aliposikia habari ya risiva alifurahi, akasema angalau hapo kaka atamhitaji. Nikaendelea kushona. Nilikuwa nimeahidi.

Dukani tulipelekwa kwenye chumba cha kusikilizia. Kina makochi mawili, mazulia ukutani, meza ya kioo, na rafu ya risiva. Muuzaji, kijana mwenye rimoti tatu mfukoni, alituwekea filamu ya mabomu. Kioo cha meza kikatetemeka.

Muuzaji akasema, "Mama, hii inabomoa ukuta."

Nikamwambia, "Ukuta wangu bado nauhitaji, mwanangu."

Waya akasema hiyo ni ndogo, awashe ile ya spika saba na sabufa mbili. Muuzaji akasema spika saba kwenye sebule ya kawaida ni kuvaa koti juu ya koti. Waya akamwuliza kama amesomea sauti au amesomea kusifia bidhaa. Muuzaji akamjibu kwamba mafundi wa mtaani ndio wanaowaletea risiva zimeungua kisha wanasingizia umeme. Wakaendelea hivyo. Mume wangu alikuwa amekaa katikati yao akitabasamu. Nilikuwa nikimwangalia, na afande naomba uandike kwamba nilikuwa nimekasirika. Walikuwa wakimnunulia mtu masikio, na mwenye masikio amewekwa katikati kama mto wa kochi.

Nikasema, "Tuwekeeni watu wanaoongea."

Muuzaji akasema, "Mama, watu wakiongea hata simu inatosha."

Nikamwambia, "Weka."

Akacheka, akaweka filamu ya mtu na mkwewe wako mezani wanagombania nani alichoma sufuria. Akatumia risiva ndogo nyeusi ya rafu ya chini. Alieleza kwamba hiyo ina mpangilio wa kuinua maneno: inayatoa kwenye kelele, inayapeleka yote spika ya katikati. Alisema huwa inanunuliwa na wazee. Akabonyeza.

Mume wangu aliinuka kwenye kochi. Akaenda akapiga goti mbele ya rafu, akatega sikio la kulia kwenye ile spika. Kwenye filamu yule mkwe akasema kwamba sufuria haikuungua, imepata rangi ya uzee kama yeye mwenyewe. Sote tukacheka, na mume wangu akacheka.

Najua hili si la polisi, lakini nitalisema. Mume wangu siku hizi hucheka baada yetu. Anatazama nyuso, kisha anafuata. Leo alicheka pamoja na sisi. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na nilijua risiva yetu ndiyo hiyo, kazi imekwisha, twende nyumbani.

Lakini Waya akasema, nyuma ya mgongo wa kaka yake, "Hili debe la kizee ningelitupa nje. Muuzaji, zima, tuwekee ile kubwa." Alilisema kwa utani na muuzaji akalisikia. Kisha Waya mwenyewe akainama, akaishika ile nyeusi kwa upande, akaivuta kutoka kwenye rafu ili aone matundu ya nyuma. Kebo moja ikachomoka na sauti ikakatika.

Mume wangu hakuwa amesikia neno lolote kati ya hayo. Yeye aliona tu sauti imekatika na sanduku linaondoka. Akalishika. Waya alidhani kaka yake anamsaidia kulibeba, akaachia mkono mmoja. Likateleza, likapiga meza ya kioo, meza ikapasuka, na risiva ikabonyea pembeni. Hakuna aliyelirusha. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao na niliona mikono yote minne.

Muuzaji akapiga kelele, "Amelitupa! Alisema atalitupa na amelitupa!" Mwenye duka akatoka ofisini na kufunga mlango. Haukupita muda askari wa doria akaingia. Muuzaji akaeleza yake. Waya naye akaeleza yake kwa sauti ya juu, na hiyo haikumsaidia. Askari akamgeukia mume wangu akiwa upande wake wa kushoto, akamwuliza, "Mzee, huyu mdogo wako ndiye aliyelirusha?"

Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeona vipande vya kioo chini ya kiatu cha mume wangu. Nikamgusa kiwiko ili asogee. Nilimgusa mara moja.

Akasema, "Ndiyo." Tena kwa sauti kubwa, maana hajui tena ukubwa wa sauti yake.

Waya alikuwa akibishana na watu watatu kwa pamoja. Aliposikia neno hilo akamgeukia kaka yake. Akasema, "Kaka, mimi?"

Mume wangu akamtazama, akatabasamu.

Afande, hilo ndilo tabasamu analolitoa asiposikia. Lakini Waya hajui. Niliuona uso wake ulivyokuwa. Alinyoosha mikono afungwe pingu bila kusema neno lingine, naye ni mtu ambaye hata msibani huwezi kumnyamazisha.

Nilisema palepale kwamba si kweli. Muuzaji akaniambia, "Mama tulia, kaka mtu ameshasema." Askari akaniambia nitasema kituoni. Kituoni kaunta wakaniambia nisubiri zamu. Nikasubiri. Nikaambiwa faili liko kwa mwingine. Nikasubiri tena. Mtu wangu yuko ndani kwa neno nililolitoa mimi kwa kidole, na ninaambiwa kiti nilichokalia ni cha wanaokuja kuchukua vibali.

Nikiwa kwenye benchi nilimwinamia mume wangu sikio la kulia nikamweleza kilichotokea. Ilibidi nirudie, na watu wakageuka.  Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu yuko ndani?"

Nikamwambia, "Yumo."

Akasema, "Ukiwaambia, Jumatatu kiwandani nitakuwa mzee wa kuonewa huruma. Watanipa ufagio."

Nikamwambia, "Najua."

Akasema, "Na yeye anajua nimemtupa." Hapo akavua kofia, akaishika magotini. Akasema, "Nenda kaseme yote. Usipunguze."

Kwa hiyo ninasema kwamba mume wangu ni kiziwi, kwamba ile ndiyo ilikuwa ya kiwiko changu, na kwamba shemeji yangu hakurusha kitu. Mwenye duka akitaka kulalamika, alalamike kuhusu mikono minne. Tena aambiwe asiitupe ile risiva nyeusi. Ikiwa bado inaongea, pamoja na kubonyea kwake, sisi ndio wateja wake.

Nimefika mwisho wa niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeridhika nayo, ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo yake na ameyathibitisha. Aliomba neno "kiziwi" lifutwe na badala yake liandikwe "hasikii vizuri". Mume wake, aliyeruhusiwa kuyasoma mwenyewe, alisema neno liachwe lilivyo. Limeachwa.

Baada ya hapo nilimtoa shahidi nje na kufunga mlango. Niliketi karibu na mume wake, upande wa kulia, nikamwuliza polepole swali lile lile aliloulizwa dukani. Jibu lake: "Hapana. Mimi ndiye niliyelishika. Nilikuwa nasikiliza."

Mtuhumiwa ametolewa mahabusu. Alielezwa sababu. Alimkuta kaka yake kwenye benchi na kukaa kushoto kwake, ambako kulikuwa na nafasi. Kisha akamwuliza shahidi ni sikio lipi linalosikia. Alipojibiwa, alinyanyuka na kumwomba mtu aliyekaa kulia ampishe.