Majina Themanini na Saba ya Rumipogyo

Alhamisi, 12 Januari

"Ndugu zangu katika mapambano! Wanawake wa Rumipogyo, ninyi ambao mikono yenu hupamba meza za ng'ambo na kurudi nyumbani imejaa miiba! Ni nani aliyewaambia kwamba chemchemi ni mali ya kupewa mgeni?"

Hivyo ndivyo nitakavyoanza Jumamosi, kwenye minga, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, wanawake wote wakiwa mferejini. Nimeisoma kwa sauti jikoni mbele ya simbilisi wa Mama. Hawakupinga.

Tarehe tano Februari tunachagua halmashauri ya parokia, si ya kanisa bali serikali ya kata yetu. Watu watano, ofisi moja, muhuri mmoja. Wenzangu wa chuo kule Quito walicheka nilipoaga: eti naacha maandamano ya mji mkuu kwa ajili ya uchaguzi wa kijiji! Hawajui muhuri ule. Shamba la waridi limeshapata kila kibali cha kuteka chemchemi yetu kwa bomba. Limebakiza ridhaa ya mwenyekiti wa parokia tu. Shangazi Luzmila, aliyeongoza kamati ya maji miaka kumi na moja, akishinda, hagongi muhuri. Don Segundo Farinango, mwenye lori na tabasamu, akishinda, atagonga kabla hajavua kofia.

Don Segundo amegawa mchele na kofia za kijani. Watu wake wameupaka kijani hata ukuta wa choo cha Shangazi. Shangazi anasema angalau sasa choo kinapendeza.

Yeye hugeuza kila kitu mzaha. Historia haifanywi kwa mzaha.

Jumamosi, 14 Januari

Minga. Mfereji wote umezibuliwa, kutoka tangini hadi shuleni, saa sita mfululizo. Hotuba yangu upepo uliila. Nilisimama juu ya jiwe, nikapaza sauti, nao walikuwa wakibishana ni jembe la nani lililovunjika mpini.

Lakini! Nilikuwa nimejiandaa. Wakati wa kutia saini mahudhurio, nilibana ubaoni karatasi ya pili chini ya ile ya kwanza, ili kila mmoja atie saini zote mbili. Juu yake nilikuwa nimeandika: "Sisi wanawake wa Rumipogyo tunaahidi kura zetu kwa Luzmila Inlago, mlinzi wa maji." Ubao ukapita mkono kwa mkono.

Majina themanini na saba. Themanini na saba, kati ya wanawake mia moja na hamsini! Mama alikuwa wa kwanza. Hakusoma. Alinitazama, akaandika: Targelia Chimarro. Kila herufi peke yake, kama anayepanda viazi.

Jioni niliipiga picha na kuitandaza mtandaoni. "Wanawake wa Andes wamesema." Quito nzima inashangilia.

Jumanne, 17 Januari

Shangazi amekuja kabla ya chai. Hakuketi. Aliuliza nani alinituma. Nikajibu kwamba dhamiri haitumwi. Akasema dhamiri yangu imepiga picha majina ya watu wanaoingia kazini saa kumi na mbili kasoro katika shamba lilelile tunalopingana nalo.

Nikamwambia woga ndio mlinzi mkuu wa lango la tajiri. Nilidhani ni sentensi nzuri. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka, akasahau shali yake kitini.

Ijumaa, 20 Januari

Mama amerudi amechelewa. Ni msimu wa Siku ya Wapendanao, maua yote ya mwaka huondoka katika majuma haya matatu, kila mmoja anafanya zamu mbili. Alikula supu ya shayiri akiwa amesimama. Kisha akasimulia, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.

Efraín, nyapara wa chumba cha kupangia maua, amepita meza kwa meza. Simu mkononi, picha yangu ndani ya simu. Hakufoka. Aliwakumbusha tu kwamba hapa Ekuado wanawake hupiga kura kwenye meza yao na wanaume kwenye yao, na kwamba Rumipogyo ina meza moja ya wanawake, moja tu, na matokeo ya kila meza hubandikwa mlangoni pa shule.

Akawaambia: "Wasichana wangu, Jumapili ile meza yenu itanisimulia kila kitu. Mimi napenda sana kusoma."

Wakacheka, anasema Mama. Wote walicheka. Hata yeye.

Nimeifuta picha. Nimeifuta! Tayari imo katika kila simu ya bonde hili.

Jumapili, 22 Januari

Walikuja baada ya misa. Wanawake tisa kati ya wale themanini na saba, kofia za sufu nzito vichwani, hawakukubali hata chai. Pastora Cuascota, ambaye kazi yake ni kupalilia waridi mabandani, ndiye aliyezungumza. Anataka jina lake litoke. Nikaeleza kwamba karatasi imeshasambaa, kwamba sasa lazima tusimame pamoja, kwamba umoja —

Akanikatiza. Akauliza kama jina lake halikuwa la mahudhurio.

Niandike, maana humu hakuna wa kunipigia makofi. Siku ile ya minga Mama Pastora, mikono imejaa tope, asiyejua kusoma, aliniuliza: "Hii ni ya mahudhurio, binti?" Sikusema ndiyo. Sikusema la. Nilimwandikia jina, nikamwonyesha pa kuweka kidole gumba.

Nilijua. Katika minga hakuna anayesoma karatasi. Asiyetia saini hutozwa faini, kwa hiyo karatasi ikikufikia unatia saini na kumpa jirani. Nimeiona desturi hiyo tangu nikiwa mgongoni mwa Mama. Niliitegemea. Nilipoibana karatasi ile chini ya nyingine, mkono wangu ulijua unachokifanya. Kichwa ndicho kilichokuwa kinatunga hotuba.

Ni wangapi kati ya themanini na saba walijua? Kumi? Ishirini? Siwezi kumuuliza mtu.

Kwa Mama Pastora nilijibu nini? Nilisema: tutaonana kwenye mkutano wa kampeni.

Alhamisi, 26 Januari

Kashfa! Shangazi anapita nyumba kwa nyumba na kuwaachilia wanawake. Anawaambia wampigie wanayemtaka, kwamba kazi haipatikani chini ya mawe, kwamba hatamwuliza mtu na hatamkasirikia mtu. Mgombea anayewasihi wapiga kura wake wamwache! Lori la Don Segundo lilimfuata likipiga muziki, kisha hata dereva akaona aibu, akazima.

Nilimkuta karibu na tangi. Nilimwambia anakabidhi chemchemi kwa mikono yake. Nilisema usaliti. Nilitumia neno hilo, kwa dada wa marehemu baba yangu.

Alikuwa akinawa miguu mferejini. Hakunyanyua kichwa.

"Wewe umeingia vitani na ngao za wenzako," akasema. "Sasa unawagombeza kwa kuzitaka zirudi."

Alhamisi, 2 Februari

Siku ya mwisho ya kampeni. Don Segundo amechinja nguruwe wawili. Shangazi amegawa mahindi ya kuchemsha na maharage. Watu wamekula kwote.

Mama hulala kwa saa nne tu kwa siku. Vidole vimevimba. Nilimwomba anisamehe, akasema nimpe chumvi.

Jumapili, 5 Februari

Meza mbili, matokeo mawili. Nilikuwa na hakika mpaka saa kumi na moja jioni kwamba siri ya sanduku la kura ingewaokoa, kwamba mwanamke akiwa peke yake na kalamu yuko huru. Niliwahi kuliandika hilo katika insha, nikapata alama za juu. Lakini siri ni ya mtu mmoja. Watu mia na hamsini katika meza moja hawana siri — wana jumla.

Mistari miwili uani shuleni, wanaume upande wa jukwaa, wanawake upande wa vyoo. Askari akipiga miayo langoni. Wanawake hawakuzungumza. Kwa kawaida mstari wao husikika hadi kanisani.

Saa kumi na moja milango ikafungwa. Kura zikahesabiwa, karatasi za matokeo zikabandikwa.

Meza ya wanaume: Luzmila 94, Segundo 57. Wanaume, ambao sikuwaandalia hata aya moja! Wanajenga nyumba Quito au wanalima mashamba yao. Hakuna wa kuwafukuza.

Meza ya wanawake: Segundo 118, Luzmila 31.

Efraín alikuja kwa pikipiki. Hakuangalia karatasi ya wanaume. Akapiga picha ya ile nyingine, akaikuza kwa vidole viwili, akaondoka.

Don Segundo alimpa Shangazi mkono. Aliona aibu, naapa aliona aibu. Tabasamu lilikuwa limemponyoka. Shangazi akamwambia amtunzie bomba la shuleni, linavuja. Kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Mimi nilikaa nyuma ya vyoo na kulia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Jumanne, 7 Februari

Thelathini na moja! Bonde zima linawatafuta. Dukani, mtoni, kwenye foleni ya gesi. Kila mwanamke anaapa kwamba yeye hayumo. Dada wawili wa Cuascota hawasemeshani: mmoja alimwambia mwenzake kwamba uso wake ni wa thelathini na moja. Lile tusi limeshaenea. Watoto wanaitana hivyo uwanjani.

Nilitaka kuandika sifa zao, hawa wasiojulikana. Nilipata sentensi mbili, nikazichana. Mtu akiwasifu, mtu atawahesabu.

Namtazama Mama akivua viatu. Nadhani yumo. Alikuwa wa kwanza kutia saini. Sijamuuliza. Katika maangamizi haya yote nimejiruhusu fahari hiyo moja.

Jumamosi, 11 Februari

Lori la mwisho la Wapendanao limeondoka asubuhi kwenda uwanja wa ndege. Saa sita mchana wakabandika orodha langoni pa shamba. "Msimu umekwisha." Waliokwisha ni thelathini na moja.

Nilishuka mwenyewe kuisoma. Nilisoma majina matatu ya kwanza, nikarudi juu nikayasoma tena. Niliujua mpangilio ule. Chimarro, Targelia. Kisha mama wa duka, ambaye naye hufanya zamu shambani. Kisha pacha wa Lanchimba. Wa kumi na nne, Pastora Cuascota. Ni karatasi yangu. Ni ubao wangu, ulivyopita mkono kwa mkono mferejini.

Efraín hakuwajua waliothubutu. Sanduku lilimpa idadi tu. Akaichukua idadi, akafungua picha yangu, akahesabu kutoka juu.

Mama alikuwa jikoni akimenya viazi alipopata habari. Nikapiga magoti. Nikamwambia kwamba kura yake haikupotea, kwamba siku moja watoto wa Rumipogyo watajua ni akina nani waliosimama —

"Mimi nilimpigia Segundo," akasema.

Akaendelea kumenya.

"Nilitaka umalize chuo, Tamia. Umebakiza mwaka mmoja."

Jumapili, 12 Februari

Sina rasimu ya haya.

Baada ya misa wanawake walikwenda kwa Shangazi, si kwangu. Walizungumza muda mrefu. Mtu alitumwa kuniita mwishoni. Ishirini na kitu walikuwa wamekaa uani juu ya magogo, wengine hata hawamo katika orodha ya langoni. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Shangazi akaeleza kwa kifupi. Kesho jamii nzima inakutana. Nitasimama mbele na kusema jinsi majina yale yalivyopatikana: nani alisoma, nani hakusoma, nani aliuliza na nikanyamaza. Itaandikwa. Wanawake wataipeleka karatasi hiyo langoni, na kwa mkaguzi wa kazi mjini, waone kama kuna anayeweza kurudishwa. Kisha nitapokea adhabu ya kwetu kama yeyote aliyeidanganya minga: majani ya upupu, na ndoo ya maji baridi, mbele ya watu.

Nikasema mambo. Nilisema karatasi hiyo Don Segundo ataitumia kuonyesha kwamba kampeni nzima ya maji ilikuwa uongo, na Mei, akishaapishwa, atagonga muhuri huku akiwa na ushahidi mkononi. Nilisema chuo kinaweza kunifukuza. Yote ni kweli. Nilisikia sauti yangu ikipanda, ikitafuta jiwe la kusimamia.

Mama Pastora akaninyooshea kidole gumba, kilekile.

"Safari hii utatia saini wewe," akasema, "na tutakusomea kwanza. Polepole. Mpaka uelewe."

Shangazi akanisindikiza hadi uzioni. Nilidhani atanishika bega. Akasema kesho hatakuwa shangazi yangu, atakuwa mwenyekiti wa kamati, na kwamba nivae nguo nyepesi, sweta likilowa huwa zito.

Nyumbani nikakuta mfuko wangu umepakiwa. Vitabu chini, nguo juu, mayai manne ya kuchemsha ndani ya kitambaa. Mama anafua, ameupa mlango mgongo. Hajasema niende. Hajasema nisiende. Amesema tu kwamba basi la Quito siku hizi linawahi, linapita njia panda saa kumi na moja na nusu alfajiri, tena halisubiri mtu.

Nimetoa sweta mfukoni. Nimelirudisha. Nimelitoa tena, liko hapa magotini.

Sasa kipaza sauti cha nyumba ya jamii kimewashwa. Kinakoroma, kinakohoa. Ni sauti ya Shangazi, bila mzaha hata chembe. Anataja parokia, anataja tarehe, analitaja jina langu lote, la baba na la mama, na anarudia mara mbili ili walio mashambani wasikie: kesho Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi.